Maswali na Majibu: Kanuni za mitihani zimebadilika nikiwa katikati ya uzamili

Barua za toleo hili zinatoka kwa wanaosoma uzamili wa uchumi na biashara Dodoma na mikoa jirani. Vyuo vyao vimeleta kanuni mpya za mitihani, na kila mmoja amekwama mahali pake. Majina ya vyuo tumeyaacha.

Mhariri, poleni na majukumu. Nilidahiliwa uzamili wa uchumi, nikaahirisha mwaka mmoja kwa sababu ya uzazi. Nimerudi nakuta kanuni mpya. Mratibu anasema zinanihusu, niliosoma nao wanasema hazinihusu. Nimsikilize nani? (Mama Wawili, Nkuhungu)

Dada, hongera kwa mtoto. Weka kando maneno ya wote wawili, ufungue kurasa za mwisho za kanuni hizo utafute kifungu cha mpito. Hapo ndipo panapoandikwa nani anabaki na kanuni za zamani na kwa muda gani. Soma kitenzi kilichotumika. Kanuni ikisema zinawahusu "waliodahiliwa" kuanzia mwaka fulani, wewe umo katika za zamani, maana udahili ni mara moja tu. Ikisema "waliosajiliwa", mambo yanageuka, kwa sababu usajili hufanywa upya kila mwaka au kila muhula, na wewe umejisajili upya uliporudi. Kanuni nyingi ziko kwa Kiingereza, na mazungumzo ya korido huyatafsiri maneno yote mawili kuwa "kuandikishwa". Pengine mratibu na wenzako wamesoma kifungu kilekile.

Jambo la pili: mtaala na kanuni za mitihani ni nyaraka mbili. Mtaala unasema unasoma nini, kanuni zinasema unapimwaje. Ukiwa umeungana na darasa lililokuwa nyuma yako, unaweza kujikuta na mtaala wa zamani na kanuni mpya, au kinyume chake. Kwa hiyo usiulize kwa mdomo. Andika barua kwa mratibu wa masomo ya uzamili kupitia kwa mkuu wa idara, utaje namba ya usajili, mwaka wa udahili na tarehe ya barua iliyokuruhusu kuahirisha, kisha uombe ujulishwe kwa maandishi upo chini ya mtaala upi na kanuni zipi. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Fanya hivyo kabla ya kuchagua kozi za muhula kwenye mfumo, maana kozi ikishaingia katika rekodi yako kuiondoa ni kazi nyingine.

Zamani kosiweki (alama za kazi za muhula) ilikuwa 40 na mtihani wa mwisho 60. Sasa ni 50 kwa 50, na mabadiliko yametukuta muhula umefika katikati. Nilikuwa na 32 kwenye kosiweki, mtihani nadhani nilifanya vizuri, lakini jumla imetoka 62. Nahisi kuna kitu. (Msomaji, Area C)

Huenda kweli kipo, na kinapatikana kwa hesabu ya dakika mbili. Tuseme mtihani ulipata 36 kati ya 60. Kwa uwiano wa zamani ungekuwa na 32 + 36, yaani 68. Kwa uwiano mpya, sehemu zote mbili lazima zipanuliwe au zipunguzwe. Kosiweki ya 32 kati ya 40 ni asilimia 80, na kwa 50 inakuwa 40. Mtihani wa 36 kati ya 60 ni asilimia 60, na kwa 50 unakuwa 30. Jumla ni 70. Sasa chukua hali ambapo mtihani umepunguzwa kuwa 30 lakini kosiweki imeachwa 32 ilivyo: utapata 62, namba hiyohiyo uliyoiona. Kosa hili hutokea jedwali la alama linapobadilishwa kichwa cha safu bila kubadilishwa fomula iliyo chini yake. Mahali ambapo 70 ndiyo mwanzo wa A na 60 ndiyo mwanzo wa B+, umepoteza daraja zima.

Usikimbilie kukata rufaa ya kusahihishiwa upya. Hiyo ina ada, inachukua muda, na inamuuliza msahihishaji swali ambalo si lako, kwani yeye hakukosea. Omba kwanza mchanganuo wa alama: kosiweki kati ya ngapi, mtihani kati ya ngapi. Ukishaushika, andika ombi la kuhakiki ujumlishaji na uambatanishe hesabu yako kwenye ukurasa mmoja. Fanya haraka matokeo yakiwa bado ya awali. Kabla Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni, haijayapitisha, marekebisho hufanyika ngazi ya idara na shule. Yakishapitishwa, hata kosa lililo wazi linapaswa kupanda ngazi zote upya.

Nimepata 56, pasi ya uzamili kwetu ni 50, lakini nimeandikiwa sapu (mtihani wa marudio). Inawezekanaje? (B., Singida)

Angalia kama kanuni mpya zimeweka sakafu, yaani alama ya chini kabisa inayokubalika, ya mtihani wa mwisho. Mwenye kosiweki ya 34 kati ya 40 na mtihani wa 22 kati ya 60 anafikisha 56, ila sakafu ikiwa asilimia 40 ya mtihani, alitakiwa apate angalau 24. Amefeli kwa alama mbili za mtihani akiwa amefaulu kwa jumla. Vyuo huweka sakafu hiyo kwa sababu ya kazi za vikundi, ambamo mmoja huandika na watano hutia majina. Hatuwezi kuwalaumu.

Kilicho muhimu kwako sasa ni kuuliza sapu inasahihishwaje. Kosiweki ikibebwa, mwenye 34 anatafuta zile 24 tu. Isipobebwa, sapu inasahihishwa kwa 100 na unahitaji 50 kamili. Maandalizi ya hali hizi mbili hayafanani.

Kanuni mpya zinataka GPA (wastani wa madaraja) ya 4.0 katika kozi za darasani kabla ya kuruhusiwa kuandika tasnifu ya njia ya utafiti. Nina B+ tatu, A moja na B moja. Nimepiga wastani, ni 4.0 kamili. Mfumo unaonyesha 3.9. (Msomaji, Kisasa)

Wastani wako umezipa kozi zote uzito sawa, wakati GPA hupimwa kwa krediti, yaani uzito wa kila kozi. Hukutuma krediti zako, kwa hiyo tuchukue mpangilio huu: Maikroekonomia krediti 12 (B+), Makroekonomia 12 (B+), Ekonometriki 12 (B), Fedha za Umma 9 (B+) na Mbinu za Utafiti 9 (A). Kwa A kuwa 5, B+ kuwa 4 na B kuwa 3, zidisha kila daraja kwa krediti zake: 48, 48, 36, 36 na 45. Jumla ni 213. Gawa kwa krediti 54 upate 3.944. A yako imekaa kwenye kozi nyepesi na B imekaa kwenye nzito, basi.

Na usitegemee kukadiria. Kanuni nyingi huagiza desimali zikatwe, zisipandishwe: hata 3.99 ingeandikwa 3.9. Kama umebakiza kozi ya kuchagua, tazama krediti zake kabla ya kutazama ugumu wake. Katika mfano huu, A moja ya krediti 9 ingeongeza pointi 45: 258 gawa kwa 63 ni 4.09, nawe unavuka.

Nipo kitengo cha bajeti wizarani. Mitihani ya muhula wa pili imeangukia Juni. Zamani barua ya mwajiri ilitosha kuahirisha mtihani, kanuni mpya zinataja ugonjwa na msiba tu. Nifanyeje? (Mtumishi, Mtumba)

Machoni pa chuo, dharura ni kitu ambacho hukukijua. Bunge la bajeti unalijua: linaanza Aprili, bajeti ya Serikali husomwa katikati ya Juni, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Kwetu sisi, chuo kilichopo makao makuu ya nchi na kinachofundisha watumishi jioni kingefanya vema kusogeza mitihani ya darasa hilo mbele wiki mbili tatu. Ila maoni yetu hayatakupa alama.

Kanuni nyingi zinatofautisha kuahirisha mtihani na kuahirisha muhula. La kwanza ndilo lililobanwa. La pili mara nyingi bado linakubali sababu za kikazi, mradi uombe ndani ya wiki za mwanzo za muhula. Kwa hiyo amua Machi, usisubiri Juni. Ukiona utaweza mitihani miwili na si minne, uliza kama mnaruhusiwa kupunguza kozi za muhula, halafu ada uliyokwisha kulipa ipate maelezo ya maandishi kutoka kwa mhasibu wa chuo.

Usichopaswa kufanya ni kutoingia chumbani ukitumaini kueleza baadaye. Kutohudhuria bila ruhusa huhesabiwa kufeli, na kwa uzamili kozi chache tu za namna hiyo zinatosha kukudisko, yaani kukuondoa masomoni. Ukiugua kweli, nenda hospitali siku hiyohiyo, iwe Benjamin Mkapa, General au kwingine, na cheti kipitie kwa mganga wa chuo. Na usifanye mtihani ukiwa mgonjwa halafu ukadai ugonjwa baada ya kuona matokeo. Ukikaa kwenye kiti, umetangaza kwamba unaweza.

Nakeri (narudia kozi niliyofeli) Mbinu za Kihesabu, krediti 12. Kozi imefutwa, badala yake kuna mbili za krediti 8. Nisome zote? (Msomaji, Kondoa)

Omba jedwali la ulinganifu la idara. Likisema kozi yako ni sawa na mojawapo tu, soma hiyo, lakini utabaki na upungufu wa krediti 4, na upungufu wa namna hii huibuka wakati orodha ya wahitimu inaandaliwa, ukiwa umeshalipia joho. Likisema ni sawa na zote mbili, utazidi krediti 4. Kwa kipimo cha vyuo vyetu cha saa 10 za kujifunza kwa kila krediti, hizo ni saa 40 za ziada. Zinachosha, ila hazizuii kuhitimu.

Uliza pia daraja lako litaandikwaje. Sapu na kozi iliyokeriwa kwa kawaida hazivuki alama ya kufaulu, ambayo kwa uzamili huwa B. Lakini kozi mpya hujawahi kuifanya. Omba idara iandike kama unaifanya kwa mara ya kwanza au kama marudio.

Je, kikokotoo chenye kuchora grafu kinaruhusiwa kwenye Ekonometriki? (Msomaji, Makole)

Kikokotoo cha mtihani, tunadhani unamaanisha, si kile cha mafao ya kustaafu. Kanuni za sasa kwa kawaida huruhusu cha kisayansi kisichoweza kuprogramiwa, na cha grafu hakimo. Saa janja nayo iache nje pamoja na simu. Majedwali ya takwimu hutolewa na chuo chumbani, kwa hiyo lako lenye alama za kalamu pembeni liache nyumbani.