Namba ya mchezaji wa kadi za Pokémon: mzazi aanzie wapi

Dada yangu, umeuliza kuhusu kijana wako wa miaka tisa anayetaka kuingia mashindano ya kadi za Pokémon kwenye duka la hapo kwenu Leicester. Mwenye duka kasema bila Player ID hachezi, nawe hujui namba hiyo inanunuliwa wapi wala kama mdogo wake naye atahitaji. Nakujibu kwa kirefu, maana wanangu wawili wanacheza hapa Uingereza, na siku za mashindano huwa nakaa mezani kumsaidia mwandaaji kuandikisha wachezaji.

Namba hainunuliwi. Inatolewa bure na wenye mchezo, The Pokémon Company International, kupitia mpango wao wa mashindano uitwao Play! Pokémon. Duka likitoza kiingilio, hiyo ni haki yao. Akitokea mtu anadai hela ya namba yenyewe, mkatalie.

Inapatikana kwenye tovuti ya pokemon.com, ndani ya akaunti ya Pokémon Trainer Club. Kwa kuwa mtoto ni mdogo, anza na akaunti yako wewe mzazi, kwa jina lako na barua pepe unayoisoma kila siku. Ukishaithibitisha, ndani yake unamfungulia mtoto akaunti yake. Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama: kufungua akaunti peke yake hakuleti namba. Ni lazima uingie kwenye mipangilio, utafute sehemu ya Play! Pokémon, usome masharti na uyakubali kwa niaba ya mtoto. Ukimaliza, namba inaonekana kwenye ukurasa wake. Ni tarakimu tupu. Piga picha ya skrini, kisha iandike pia kwenye karatasi uitie ndani ya boksi la deki yake, yaani fungu la kadi anazochezea, kwa sababu intaneti ya madukani haiaminiki na foleni ya asubuhi haina subira.

Kabla ya yote hayo, muulize kijana kama tayari ana akaunti. Akaunti hiyohiyo ndiyo inayotumika kwenye mchezo wa simu na kompyuta wa Pokémon TCG Live, na Pokémon GO nayo inakubali kuingiwa nayo. Kwa hiyo watoto wengi wanazo, zilizofunguliwa na binamu au kaka mkubwa, na mara nyingi mwaka wa kuzaliwa uliojazwa ni wa uongo ili mtoto asizuiwe. Kwa kucheza kwenye simu hakuna aliyejali. Kwenye mashindano mwaka huo ndio unaoamua kila kitu.

Wachezaji wanagawanywa madaraja matatu: Junior, Senior na Masters. Kinachoangaliwa ni mwaka wa kuzaliwa, si siku ya kuzaliwa wala darasa la shule. Msimu wa 2025, kwa mfano, Junior walikuwa waliozaliwa 2013 na kuendelea, Senior 2009 hadi 2012, na Masters 2008 kurudi nyuma. Kila msimu miaka hiyo inasogea. Nimemwona mtoto wa miaka kumi akija na namba ambayo akaunti yake inasema ni mtu mzima, basi akahesabiwa Masters. Utasema dukani si wanacheza wote pamoja? Ni kweli, Junior wakiwa wachache huchanganywa na wakubwa, lakini zawadi na pointi zinahesabiwa kwa kila daraja peke yake. Mtoto aliyefanya vizuri kuliko Junior wenzake wote akaonekana ni mtu mzima wa katikati ya orodha, na sura yake ile sijaisahau. Tarehe ya kuzaliwa huwezi kuibadilisha mwenyewe kwa kubofya tu. Inabidi uwaandikie huduma kwa wateja wa Pokémon na usubiri majibu. Kwa hiyo lifanye sasa, usingoje Ijumaa usiku.

Ukikuta akaunti ya zamani yenye namba, usifungue nyingine juu yake. Mtoto mwenye namba mbili anagawanya rekodi yake: pointi za mwezi huu huku, za mwezi ujao kule, na hakuna upande unaotosha. Waandikie kwanza, eleza hali ilivyo.

Halafu kuna suala la majina, na hili nalisema hasa kwa sisi tuliotoka nyumbani. Kwetu mtoto anabeba jina lake, la baba na la babu. Shuleni hapa wanamwita kwa jina moja la mwisho, msikitini au kanisani kwa jingine, na nyumbani ana lake la utani. Kwenye akaunti jaza kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule. Leo ni duka la mtaani tu, sawa. Ila wenye pointi za kutosha hualikwa ubingwa wa dunia, na huo huhama: 2022 ulikuwa London, 2023 Yokohama, 2024 Honolulu, 2025 Anaheim. Siku jina la mwaliko halifanani na la pasipoti, utajuta. Usinicheke kwa kuwaza mbali hivyo kwa mtoto wa miaka tisa. Watoto wa umri wake ndio hao daraja la Junior limewekwa kwa ajili yao.

Siku yenyewe utapewa au utapakua fomu ya deki. Inaandikwa jina, Player ID, tarehe ya kuzaliwa, kisha kadi zote 60 zilizomo. Mjazie wewe, kwa herufi zinazosomeka, maana 1 na 7 za watoto zinafanana mno. Mwandaaji anaingiza namba kwenye programu ya mashindano, anapanga raundi, na baadaye anatuma matokeo. Tarakimu moja ikikosewa, matokeo hayamfikii mwanao. Kwa hiyo orodha ya raundi ya kwanza ikibandikwa ukutani, hakikisha jina na daraja lake ni sahihi. Kosa likionekana mapema mwandaaji analirekebisha palepale. Siku chache baadaye fungua akaunti uone kama mashindano yameingia. Pointi huanza upya kila msimu, namba inabaki ileile.

Namba hii ni ya Pokémon pekee. Kijana akihamia kadi za Yu-Gi-Oh! atahitaji namba ya Konami, kampuni inayozitoa, na mashindano ya kadi za One Piece yanaandikishwa kwa programu ya Bandai TCG+. Kadi za Magic nazo zamani zilikuwa na namba za mashindano zilizoitwa DCI. Siku hizi ni akaunti ya Wizards, kampuni yenye mchezo huo, na programu yao ya Companion. Msikubali kuambiwa moja inafaa kwingine.

Kuhusu mdogo wake: kama anakuja kutazama tu, au kubadilishana kadi na kucheza mezani kwa kujifurahisha, hahitaji kitu. Akitaka kuandikishwa, atahitaji namba yake mwenyewe, hata kama deki wanachangia. Mfungulie chini ya akaunti yako hiyohiyo, kila mtoto na ukurasa wake. Ukikwama kwenye hatua ya masharti niambie umefika wapi nikuelekeze, ila namba na tarehe za kuzaliwa za watoto usizibandike hapa.