Umejikataa kabla ya usaili

Mdogo wangu, umeandika kwamba una stashahada ya uhasibu, miezi minane unatuma maombi ya kazi toka hapo Kigoma, kimya, na sasa unasema huna nyota. Nyota iache. Nakuelewa lakini, niliwahi kuingia kwenye usaili nikiwa nimeshajikataa mwenyewe. Waliponiuliza naweza nini, nikajibu, "Kazi yoyote tu, wakubwa." Walinishukuru hata chai yao haijapoa.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba kujiamini hujengwa zaidi na kufanya jambo ukaliweza kuliko kutiwa moyo kwa maneno. Kwa hiyo usijisifie mbele ya kioo. Teremka mwaloni Kibirizi, hapo hapo Kigoma, mtafute mfanyabiashara mmoja wa dagaa, mwombe umtunzie daftari la mauzo na madeni kwa wiki 2. (Akikulipa dagaa, pokea, usiringe.) Siku ukiulizwa uzoefu utataja magunia, wadaiwa uliowafuatilia, na hesabu ilivyofunga.

Nafasi ni chache kweli, kujiamini hakuziongezi. Ila ile barua yako inayoanza "ingawa sina uzoefu", ifute leo leo.