Shangazi nisaidie, nashika hela kila siku ila sina hela

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni dereva bodaboda kijiwe cha Tandika, nina mke na mtoto mmoja. Kwa siku nashika kama elfu 30, lakini kodi ilipofika mwenye nyumba akataka ya miezi sita yaani laki 3 na mi nilikuwa na laki tu, nikaingia kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, nikachukua laki 2 narudisha elfu 9 kila siku kwa siku 30. Zimebaki siku kumi. Wife hajui, anauza vitumbua asubuhi ndo tunakula hapo. Wenzangu wa kijiweni wanaonekana wako poa, wengine wanajenga. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kwanza hiyo elfu 30 sio yako, hapo ndo kosa lilipoanzia. Toa hesabu ya tajiri mwenye pikipiki, nadhani haipungui elfu 10 kama wenzako wengi, toa mafuta kama elfu 8, unabaki na elfu 12. Mtu wa elfu 12 akiishi kama wa elfu 30 lazima kodi imkute mtupu, na wala sio uvivu, unapiga kazi toka alfajiri mi naelewa.

Sasa huo mkopo. Laki 2 unarudisha laki 2 na elfu 70, hiyo ni riba ya asilimia 35 kwa mwezi mmoja, wakati kiwango cha juu cha Benki Kuu kwa hawa wakopeshaji wadogo wenye leseni ni asilimia 3.5, yaani ungelipa elfu 7 tu juu yake. Inaniuma kila nikisoma barua za hivi, na zinakuja nyingi. Na usije ukakimbilia zile programu za kwenye simu ukadhani ndo nafuu, Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, watu walikuwa wanadhalilishwa mpaka kwa mabosi na wakwe zao.

Malizia hizo siku kumi, alafu siku ya kumi na moja nisikilize vizuri, usiache kutoa elfu 9. Mkono umeshazoea, umeishi mwezi mzima bila hiyo hela na hujafa, kwa hiyo endelea kuitoa kila jioni kabla hujafika nyumbani ila sasa unajilipa mwenyewe. Elfu 2 ya kodi, ukifanya kazi siku 25 kwa mwezi ni elfu 50 kamili, na miezi sita ya hivyo ndo laki 3 ya mwenye nyumba. Elfu 2 ya pikipiki maana oili na tairi hazisubiri. Elfu 1 ya homa ya mtoto. Elfu 4 mpe mama watoto mkononi, vitumbua haviwezi kubeba nyumba peke yake. Ya kodi usiiweke kwenye simu unayotumia kila saa, utaila kwenye vocha na kubeti, weka kibubu au mpe kijumbe, yule anayeshika hela za mchezo, unayemwamini.

Michango ya harusi nayo, najua hujaiandika ila najua ipo. Kadi ya elfu 50 ikija sema mapema elfu 10 ninayo na nitakuja kubeba viti. Mimi niliwahi kutoa hela ya sare za mwanangu kwenye kitchen party nikiogopa kusemwa, mtoto akaanza shule na sketi ya dada yake inamvuka magoti, hiyo sura yake sijaisahau mpaka leo na waliokula ubwabwa wala hawanikumbuki.

Hao wa kijiweni unaona tofali zao, madeni yao huyaoni, waache.

Ila mwambie mkeo leo, usisubiri kesho. Anaamka saa kumi usiku kukaanga vitumbua akidhani mnasogea, ana haki ya kujua, na mwanamke anayetunza mtaji wa vitumbua anajua hesabu kuliko unavyodhani, mpe daftari aandike yeye. Jumapili mchana paki chombo, mchukue na mtoto mvuke na pantoni mkae ufukweni Kigamboni, mbebe maji na vitumbua vyenu kutoka nyumbani, muongelee huko kwenye upepo.