Maswali ya Wasomaji: Kutoka Boxer Hadi Pikipiki Kubwa Iliyotumika

SWALI: Assalamu alaykum. Nina Boxer 150, nimeiendesha miaka mitatu hapa Malindi. Sasa nimepata Royal Enfield Himalayan 411 ya mwaka 2019, imetembea kilomita 31,000. Mwenyewe anakaa Casuarina, karibu na bahari. Nataka niende nayo Mombasa na Garsen, mara nyingine na mke wangu nyuma. Niangalie nini kabla ya kutoa pesa? Na uzito wake hautanishinda? (Msomaji, Maweni)

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Umechagua vizuri. Boxer yako ina nguvu za farasi 12 hivi, Himalayan ina 24, na nguvu hiyo inapatikana taratibu, haikurupuki. Mkono utaizoea upesi. Uzito ndio habari nyingine: Boxer haifiki kilo 130, hii inapita 190.

Kilomita 31,000 si nyingi kwa injini hiyo. Sisi tunaiogopa zaidi chumvi ya Casuarina. Chumvi ikishatua kwenye chuma huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo kutu inaendelea kula hata pikipiki ikiwa imeegeshwa mwezi mzima. Mwombe mwenyewe afungue kiti, kisha uchukue tochi. Angalia maungio ya fremu chini ya tangi na pale shoki ya nyuma inaposhika. Rangi iliyovimba kama lengelenge ibonyeze kwa kucha: ikipasuka na kutoa unga mwekundu, kutu imeshaingia ndani. Chomoa soketi mbili tatu za waya. Ukiona ukijani kwenye shaba, tarajia taa zinazozimika ovyo na injini inayogoma bila sababu ya kueleweka. Fungua tangi umulike ndani uone kama kuna kutu. Kisha gonga spoki moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa mlio mfu. Zilizoshikana na kutu kwenye nipeli haziwezi kukazwa tena, na kusuka rimu upya ni gharama.

Vyuma vya shoki za mbele vipitishie ukucha kutoka juu hadi chini. Ukucha ukikwama kwenye kishimo, kishimo hicho kitakata sili, oili itavuja, na ikifika kwenye diski breki ya mbele haishiki. Sili mpya pekee haitatibu. Vyuma vyenyewe lazima vichongwe na kupakwa kromu upya, au vibadilishwe.

Mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini iliyopashwa huficha ugumu wa kuwaka na milio ya cheni ya ndani. Ikiwaka baridi, tazama moshi. Wa buluu usioisha ni oili inayoungua: ringi zimekwisha au sili za valvu zimechoka. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Mvuke mweupe wa dakika za mwanzo usikutie hofu.

Beba mita ya umeme. Betri nzima, injini ikiwa imezimwa, isome karibu volti 12.6. Injini ikipandishwa hadi mizunguko 3,000 au 4,000, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, mfumo wa kuchaji una kasoro, na hapo usikubali kuambiwa ni betri tu.

Beringi za shingo, pale usukani unapozungukia, zinahitaji jicho kali kwenye aina hii, maana barabara za vumbi na mashimo huzitafuna. Inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole kushoto na kulia. Ukihisi usukani unanasa katikati kama umeingia kwenye kishimo, beringi zimechimbika. Kisha shika ncha za chini za shoki, vuta na sukuma. Mlio wa "tok" ni ulegevu. Kwenye sproketi ya nyuma, vuta cheni kuelekea nyuma: ikiachana na meno hadi ukaona nusu ya jino, cheni na sproketi zote mbili zimekwisha, na hubadilishwa pamoja. Ukiweka cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka, itakwisha kabla ya wakati wake. Usidhani cheni ya Boxer itaingia; hii hutumia kubwa zaidi.

Tairi zisome tarehe. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT kwenye ubavu, mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye umri huo imekauka hata kama kashata zake bado ni ndefu, na kwenye lami iliyolowa mvua za masika haitakushika. Washa swichi: taa ya ABS (mfumo unaozuia gurudumu kukwama ukibana breki) lazima iwake, kisha izime ukianza kutembea. Isiyowaka kabisa inatia shaka kuliko inayobaki inawaka, kwa sababu huenda mtu ameizima makusudi.

Usitoe pesa zako zote kwenye bei. Bakisha za tairi, cheni na sproketi zake, vipedi, oili ya 15W-50 na chujio, na oili ya breki. Hivyo vyote tungevibadilisha kabla ya safari ya kwanza ya Garsen, hata muuzaji akiapa. Na ujue hutapata tena kilomita 50 kwa lita. Hesabu 30 hivi.

Kuhusu uzito: wiki mbili za mwanzo usimbebe mama watoto. Tafuta uwanja mtupu asubuhi. Fanya breki kutoka kilomita 40 kwa saa, ukibana ya mbele taratibu na kuzidisha, usiishike ghafla. Boxer ya breki za ngoma imekuzoesha kukanyaga ya nyuma. Kwenye hii ya mbele ndiyo inayosimamisha. Kisha zunguka polepole, klachi nusu, macho yakitazama unakokwenda. Ikianguka, zima injini, itie gia ya kwanza, na kama imelalia kulia toa stendi mapema. Ipe mgongo, kalia ubavu wa kiti kwa makalio, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, kisha tembea kinyumenyume kwa hatua fupi. Miguu ndiyo inayoinua, si kiuno. Ukianza kumbeba, kaza springi ya nyuma na ujaze upepo kama kitabu chake kinavyosema kwa watu wawili.

Ukiinunua, ioshe kwa maji ya bomba. Maji ya visima vingi vya ufukweni yana chumvi, na kuoshea nayo ni kuipaka upya kile unachotaka kukitoa.

SWALI: Mimi ni mfupi, sentimita 158. Nimependa Honda XR250 Tornado lakini miguu haifiki chini. Fundi anataka kukata sponji ya kiti. Nikubali? (Dada wa Watamu)

JIBU: Dada, mwache aondoe kidogo tu, na pembeni kuliko katikati, kwa sababu ni upana wa kiti unaokunyima sentimita nyingi. Akiimaliza sponji utakalia plastiki. Si lazima nyayo zote zifike. Mbele ya mguu mmoja ikishika chini barabara, mwingine ubaki kwenye breki. Akitaka kushusha shoki ya nyuma, ashushe na za mbele kwa kiasi kinacholingana, la sivyo usukani utakuwa mzito kugeuka. Stendi pia ifupishwe, maana pikipiki itasimama wima mno na upepo wa kusi utaiangusha.

SWALI: Nimeshakubaliana bei ya pikipiki, lakini logibuku (hati ya umiliki) ina jina la mtu wa kwanza kabisa, si la anayeniuzia. Anasema tutabadilisha baadaye. (Msomaji, Gongoni)

JIBU: Usilipe. Anayeanzisha uhamisho kwenye mtandao wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ni mwenye jina kwenye logibuku, nawe unaukubali kwenye akaunti yako. Asipopatikana, huna pikipiki, una chuma tu. Linganisha pia namba ya fremu iliyopigwa kwenye shingo, na ile ya injini, na zilizoandikwa kwenye logibuku. Tarakimu zilizokwaruzwa au zisizo katika mstari mmoja zinatosha kukuondoa hapo.

SWALI: Kutoka TVS 125 naweza kuruka moja kwa moja hadi Yamaha R6? Napewa kwa bei nzuri. (Kijana wa Muyeye)

JIBU: Hapana. Ile inapita nguvu za farasi 100, tumbo lake liko chini na matuta ya barabara ya Mombasa yatalikwaruza, na mkao wake unakunyima kuona shimo mapema. Tafuta ya 250 au 400 kwanza.