Eti sisi hatukai na watoto wetu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niko Columbus, Ohio, natunza wazee zamu ya usiku. Juzi kwenye kikao cha wazazi, mama mmoja alisema takwimu zinaonyesha akina mama Weusi hukaa na watoto wao muda mfupi kuliko Wazungu. Nilinyamaza, ila neno hilo limenikaa rohoni. Ni kweli?
Mama wa watatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ungemuuliza tu: huo muda umehesabiwaje?

Huko Marekani kuna utafiti wa serikali wa matumizi ya muda, unaoendelea tangu 2003. Mtu mmoja katika nyumba hupigiwa simu aeleze siku yake ya jana, kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 10 alfajiri ya leo, jambo kwa jambo. Kisha kila jambo hutiwa kwenye fungu lake, na hapo ndipo penye kasheshe. Ukimsuka binti yako, hayo ni malezi. Ukila naye, huko ni kula. Mkienda wote kanisani au msikitini, hiyo ni ibada. Mliokuwa pamoja huandikwa pembeni, na mtafiti akipenda atawajumlisha. Asipopenda, siku nzima mliyoshinda bega kwa bega imepotea. Mama yangu hakuwahi kucheza nami hata siku moja, lakini nilishinda naye jikoni nikimenya vitunguu. Kwenye hesabu hiyo ningesomeka yatima!

Ukihesabu fungu la malezi peke yake, ni kweli akina mama Weusi mara nyingi huonekana nyuma ya Wazungu. Lakini usiishie kwenye rangi. Tazama nani kasoma kiasi gani, nani ana mwenzi wa kupokezana naye, nani anapangiwa zamu asizozichagua. Mwanasosholojia Annette Lareau alizifuatilia familia Nyeusi na Nyeupe majumbani mwao, na katika matokeo aliyochapisha 2003 aliona kuwa kilichotenganisha malezi ya kila siku ni tabaka zaidi kuliko rangi. Wenye uwezo, Weusi kwa Weupe, walikuwa mbioni kuwapeleka watoto mazoezini na kwenye masomo ya muziki. Wa kipato cha chini waliwaacha wacheze na binamu zao.

Na hiyo kazi yako isikutie hatia. Mwaka 2000 mwanasosholojia mwingine, Suzanne Bianchi, alionyesha kwamba akina mama wa Marekani walipoingia kazini kwa wingi, muda wao na watoto haukuporomoka kama watu walivyodhani. Walichopunguza ni kazi za nyumbani, mapumziko na usingizi.

Hilo la usingizi ndilo linalonitia wasiwasi kwako. Zamu yako inakula saa ambazo watoto wamelala, sawa. Wewe je, asubuhi ukirudi unalala saa ngapi? Niandikie tena unijibu.