Zipo kalamu za insulini za nusu yuniti

Pole sana dada. Mtoto wako ana kisukari, yuniti 1 ya insulini haimtoshi, 2 zinamshusha sukari mno, unauliza kama kuna kalamu ya kuchomea insulini ya kukupa 1.5. Zipo. NovoPen Echo na HumaPen Luxura HD zote hupanda kwa nusu yuniti, mwisho 30. Echo inaanzia 0.5, Luxura HD inaanzia 1. Kwa mtoto mdogo hiyo si tofauti ya kupuuza.

Ila usianze na kalamu, anza na insulini anayotumia. Katriji (vichupa vya insulini vinavyoingia ndani ya kalamu) za Novo Nordisk, wenye Echo, ni za kalamu zao, za Lilly, wenye Luxura HD, vivyo hivyo, haziingiliani. (Mimi nilinunua kwanza nikauliza baadaye, ikakaa kabatini.) Dozi yenyewe akupangie daktari wake.

Ukishaipata, zoea dirisha lake la kuonyesha dozi mchana. Kwenye Echo nusu haiandikwi kwa tarakimu, ni kistari kifupi tu, na usiku wa manane macho mazito huruka. Mimi huitaja dozi kwa sauti kabla ya kuchoma. Na kila mara toa kwanza yuniti 2 hewani mpaka uone tone, maana kwenye dozi ya 1.5 hata kipovu kidogo cha hewa kinakula sehemu kubwa.