Kabla hujaandika "mtazamaji ataogopa": namna ya kutathmini mwanzo wa filamu yako ya kusisimua

Sentensi ninayokutana nayo kuliko zote kwenye tathmini za wanafunzi ni hii: "Tulitumia muziki wa kutisha na mwanga hafifu ili mtazamaji aogope." Ukiipitia harakaharaka unaona imekaa vizuri. Ukiisoma kama msahihishaji, unauliza: je, aliogopa? Nani huyo? Sekunde ya ngapi? Hapo karatasi inakosa jibu.

Kazi yangu ni kuhariri video hapa Dar es Salaam. Msimu wa kukusanya kazi ukikaribia, vijana wanaosoma kwa mtaala wa Cambridge hunitafuta, laptop begani, usingizi machoni. Kwenye somo lao la Media, ngazi ya AS (nusu ya kwanza ya A Level), wanaochagua filamu hutakiwa kutengeneza mwanzo wa filamu mpya ya kubuni usiozidi dakika 2, majina ya washiriki yakiwemo, halafu watoe tafakuri, yaani tathmini ya kazi yao wenyewe, inayojibu maswali manne: kanuni za aina ya filamu na makundi ya jamii, watazamaji na usambazaji, ujuzi, na teknolojia. Wengi hukimbilia filamu ya kusisimua, na siwalaumu. Haitaki waigizaji wengi, na giza husitiri mengi. Tatizo ni kwamba wakifika kwenye tathmini wanaeleza filamu iliyo kichwani mwao, wakati msahihishaji anaangalia iliyo kwenye faili.

Chukua mfano wa kikundi kimoja nilichokaa nacho. Mwanzo wao ulikuwa hivi: binti yuko peke yake nyumbani, magharibi imeingia, anapiga pasi sare ya shule. Umeme unakatika. Friji iliyokuwa ikinguruma nyuma yake inanyamaza. Anapapasa kutafuta simu, anawasha tochi, na huko nje mnyororo wa geti unagonga chuma, mara moja tu. Wazo tamu kabisa. Yeyote aliyekulia mjini hapa anaujua ule ukimya unaokuja umeme ukikatika, pale unapogundua kumbe friji ilikuwa inapiga kelele muda wote. Kwenye tathmini yao waliandika kwa fahari kwamba "tumetumia ukimya kujenga taharuki." Nikawaambia wafungue mradi wao. Muziki, kinanda kizito na ngoma za chinichini, ulikuwa umeanza sekunde ya tatu na kulala chini ya picha hadi mwisho. Hakukuwa na ukimya wowote. Ngurumo ya friji haikusikika ikiwepo, basi ingesikikaje ikikatika?

Walikuwa wanausikia ukimya huo wenyewe kwa sababu walikuwepo siku ya kurekodi, na walikumbuka chumba kilivyokuwa. Ndiyo maana mtengenezaji ndiye shahidi dhaifu kuliko wote wa filamu yake mwenyewe, na ndiyo maana kazi ya kwanza ya tathmini ni kutafuta mashahidi wengine.

Tafuta watu watano au sita ambao hawajui lolote kuhusu filamu yako. Mama, mtoto wa jirani, mwanafunzi wa kidato kingine, yule mzee wa dukani akiwa na nafasi. Usiwape utangulizi. Usiseme "hii bado haijaisha" wala "hapo sauti itarekebishwa." Washa, kisha kaa pembeni uangalie nyuso zao badala ya kuangalia kioo. Andika dakika na sekunde mtu alipoinamia simu yake, alipocheka mahali pasipochekesha, alipojivuta mbele. Ikiisha, usiulize kama wameipenda. Sisi tumelelewa vizuri mno kwa swali hilo, kila mtu atakwambia hongera, mmejitahidi, na hongera haina alama. Uliza mambo ambayo hayawezi kujibiwa kwa adabu tu: Yule binti ni nani? Anaogopa nini? Unadhani nini kinafuata? Kuna mahali ulichanganyikiwa?

Majibu yakitofautiana kabisa kuhusu yeye ni nani, filamu yako haijasema. Yakifanana kuhusu kinachofuata, na wote wanataka kujua kama wamekisia sawa, umefanya kazi. Na ukiandika kwenye tathmini kwamba watazamaji wanne kati ya sita walidhani mgongaji ni baba anarudi kutoka kazini, hivyo ukaongeza shoti ya baba tayari amelala sebuleni, umeandika kitu kinachoshikika.

Baada ya watu, rudi kwenye filamu yenyewe ukiwa na daftari. Nina zoezi moja ninaloling'ang'ania. Chora safu mbili. Kwa kila sekunde 10, andika upande mmoja mtazamaji anajua nini, upande wa pili mhusika anajua nini. Msingi wake umo kwenye mazungumzo ya waongozaji filamu wawili, Alfred Hitchcock na François Truffaut, yaliyochapishwa kitabuni mwaka 1966. Hitchcock alieleza watu wawili wanaopiga soga mezani huku chini ya meza kuna bomu. Kama mtazamaji hajui lipo, bomu likilipuka anapata mshtuko wa sekunde 15. Kama aliliona likitegwa, na anajua saa ya kulipuka, mazungumzo yaleyale ya kawaida yanampa taharuki ya dakika 15. Anatamani kuwapigia kelele waache porojo wainuke.

Sasa tazama safu zako. Pale mtazamaji anapojua zaidi ya mhusika, una taharuki. Pale mhusika anapojua zaidi ya mtazamaji, una fumbo, nalo ni halali kabisa: mtu anachimba shimo usiku nyuma ya nyumba, hatujui kwa nini. Pale safu zinapolingana mwanzo hadi mwisho, mara nyingi una video ya mtu anatembea kwenye korido. Hilo la mwisho ndilo ninaloletewa zaidi, likiwa limefunikwa muziki.

Mfano mzuri wa kujipimia ni mwanzo wa Touch of Evil, filamu ya mwaka 1958 iliyoongozwa na Orson Welles. Mikono inategesha saa ya bomu, bomu linawekwa kwenye buti la gari, wenye gari wanapanda bila habari, na kamera inawafuata katika mji wa mpakani kati ya Mexico na Marekani kwa zaidi ya dakika tatu bila kukata. Gari linapotea machoni, linarudi, linasimama karibu na watu wengine, linaondoka. Wewe mtazamaji unahesabu. Lakini kuna jambo jingine ndani yake linalowahusu wanafunzi moja kwa moja. Toleo lililotoka 1958 lilikuwa na majina ya washiriki juu ya shoti hiyo na muziki wa Henry Mancini chini yake. Welles, ambaye studio ilikuwa imemnyang'anya uhariri, aliwaandikia waraka wa kurasa 58 akieleza alivyotaka filamu ikae. Mwaka 1998, ikihaririwa upya na Walter Murch kwa kufuata waraka huo, majina yaliondolewa kwenye shoti na ule muziki ukatoka, zikabaki sauti za mtaa: redio ya gari na muziki unaovuja kutoka kwenye mabaa. Watazame matoleo yote mawili wenye nafasi. Ni picha zilezile, na hofu haifanani.

Wanafunzi hawawezi kuyatoa majina, yanatakiwa. Wanachoweza ni kujiuliza yamekaa wapi. Nimeona jina la mhariri likitokea juu ya uso wa mwigizaji kwenye sekunde ileile anayomwona mvamizi. Macho yalikwenda kusoma. Weka jina pale picha inapopumua, kwenye ukuta mtupu au anga, na kwenye tathmini taja ni wapi na kwa nini. Hata aina ya maandishi: herufi nyekundu zinazochuruzika damu zinamwambia mtazamaji atarajie vichekesho.

Kuhusu sauti kwa ujumla, kuna vipimo viwili vya bure. Itazame filamu yako bila sauti kabisa, kisha isikilize umegeuza kioo. Bila sauti utaona kama picha zinasimulia au zinapambwa tu. Bila picha utasikia mambo ambayo jicho lilikuwa linakusamehea: upepo unaopiga maikrofoni, bodaboda iliyopo kwenye shoti moja na kutoweka ghafla kwenye inayofuata, mwangwi wa chumba unaobadilika kila mtu akiongea. Kile kikundi cha friji walikuja kufuta muziki kuanzia umeme unapokatika hadi geti linapogonga, wakarekodi ngurumo ya friji peke yake kwa simu iliyowekwa karibu na mota, wakailaza chini ya shoti za mwanzo. Umeme ulipokatika kwenye toleo jipya, dada mmoja aliyekuwa anatazama aligeuka kuangalia taa ya chumbani kwetu. Hilo liliingia kwenye tathmini kama lilivyotokea, na lilikuwa na uzito kuliko aya tatu za "taharuki."

Swali la kanuni za aina ya filamu na la jinsi makundi ya jamii yanavyoonyeshwa ndilo linalojibiwa kwa uvivu zaidi, nami ningekaa hapo muda mrefu kuliko pengine popote. Kanuni kwanza. Kijana amevaa jaketi zito lenye kofia, kofia imefunika uso, anamfuata msichana kichochoroni. Huku Dar, Januari, jua linachoma hadi lami inalainika! Mwigizaji mwenyewe anatiririka jasho. Jaketi hilo limetoka kwenye filamu za nchi za baridi, na ukiandika tu kwamba "tumefuata kanuni" hujatathmini chochote. Uliza kanuni hiyo inafanya kazi gani, ni kuficha uso, kisha uliza hapa kwetu uso hufichwa na nini. Helmeti ya bodaboda yenye kioo cheusi. Kanga iliyojitandwa. Mwanga wa taa za gari nyuma ya mtu. Ukiwa umechagua kimojawapo unaweza kusema kwa haki kwamba umeiendeleza kanuni.

Halafu angalia nani amefanywa mtu wa hatari. Kwenye filamu za vijana wanaoishi ndani ya mageti, mshukiwa karibu kila mara ni mlinzi, au dada wa kazi, au mganga aliyewekwa hirizi na macho mekundu. Wanafunzi wenyewe hawaoni, mpaka uwaulize: kwa nini kila anayetisha ana kipato kidogo kuliko anayetishwa? Kikundi kingine niliwauliza hivyo wakanyamaza, kisha mmoja akasema, "Lakini mwalimu, mlinzi ndio alikuwa amekubali kuigiza." Jibu la kweli, na linafaa kuandikwa. Tathmini haikutaki uwe mtakatifu. Inakutaka useme uamuzi ulifanyika vipi, unamwonyesha nani kwa sura gani, na ungebadili nini: labda mlinzi ndiye anayeona hatari kwanza, na wenye nyumba ndio wasiomsikiliza. Hapo safu zako mbili zinaanza kufanya kazi pia, maana mtazamaji yuko upande wa mlinzi anayejua.

Swali la usambazaji nitalipita haraka. Acha kuandika Netflix kana kwamba ni lango lililo wazi. Fikiria filamu yako ikikamilika ingeonekana wapi kweli: chaneli ya Sinema Zetu ya Azam, YouTube kwa sehemu fupifupi, Tamasha la Filamu la Zanzibar, na kabla ya kufika sokoni lazima ipite Bodi ya Filamu ipangiwe daraja la umri. Damu uliyomwaga sekunde ya 90 inahusika moja kwa moja na daraja hilo, kwa hiyo iunganishe na watazamaji uliosema unawalenga. Ukiandika unalenga miaka 13 hadi 18 huku umeweka kisu shingoni, eleza.

Kwenye ujuzi na teknolojia, usiorodheshe programu. Kila mtu alitumia simu na programu ya kuhariri. Andika tatizo, ulichojaribu, na kilichobaki. Picha za usiku zina chenga kwa sababu simu imejiongezea usikivu wa mwanga yenyewe. Mlifunga kipimo cha mwanga, mkaweka taa ya meza nyuma ya pazia, chenga zikapungua lakini uso ukawa mweusi upande mmoja. Taa ya bomba inapepesa kwenye video kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha, haikuoana nao. Mliiweka sekunde 1/50, kupepesa kukaisha. Mwanga unapanda na kushuka katikati ya shoti mwigizaji akipita dirishani. Hamkuweza kurudia kwa sababu nyumba ilikuwa ya shangazi na wageni walikuwa wamefika. Hayo yote ni tathmini. Weka na picha ya kabla na ya baada, shoti ileile, ubavu kwa ubavu.

Na fanya lile onyesho la mashahidi mapema, angalau wiki mbili kabla ya kukabidhi, wakati mwigizaji bado hajanyoa nywele na shangazi bado anaweza kuwafungulia geti mkarudie shoti mbili tatu.